Barua kwa mwanangu anayevuka Marekani kwa gari

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi. Mara ya pili nikasikia pale uliposema mtapokezana usukani usiku na mchana ili msilipie gesti. Mara ya tatu mama yako akaninyang'anya simu. Sasa nimemkalisha mdogo wako hapa mezani, anaandika ninayosema, na nimemkataza kupunguza hata neno.

Msiendeshe usiku.

Gari mmeshalikodi ndipo unaniambia. Baba yako amekula lami miaka 22, Dar hadi Tunduma na kuvuka mpaka, na hukuona haja ya kumuuliza. Haya, yamepita. Leseni ya huko umeipata kwa mtihani mmoja, mimi yangu nilirudia, na hilo nimemweleza kila mtu hapa mtaani.

Nimefunguliwa ramani. Barabara kuu ya I-70 inapita hapohapo Columbus mlipo, nami nimeifuata kwa kidole: Indianapolis, St. Louis, Kansas City, Denver, mpaka inapoishia Cove Fort kule Utah. Wenzako watakwambia hatari iko kwenye milima ya Colorado. Mlimani dereva yuko macho, mama. Lile handaki la Eisenhower liko kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ni kama mmepanda Kilimanjaro kukaribia kambi ya Horombo, hakuna atakayesinzia hapo. Mkitokea upande wa pili mtaanza mteremko mkali. Weka gia ndogo, hata gari la otomatiki linayo, usikalie breki mpaka zinuke. Pembeni mtaona vinjia vilivyojazwa kokoto. Ni vya malori yaliyokosa breki, msipaki hapo hata kwa dakika moja ya picha. Laiti tungekuwa navyo kwenye mteremko wetu wa Kitonga.

Ninayoiogopa ni Kansas. Njia nyoofu, ngano kulia, ngano kushoto, hakuna kona ya kukushtua. Usingizi wa kwenye usukani haupigi hodi. Unaona mstari mweupe, mstari mweupe, halafu unaona mti.

Yule mzee anayechechemea, anayekuja kila Krismasi na mama yako kumfungia mchele na nyama, hujawahi kuuliza ni nani kwetu. Alikuwa utingo wangu. Tulikuwa tumepita Igawa, saa tisa usiku, yeye kalala upande wa kushoto kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kuwa macho. Tajiri alitaka mzigo ufike asubuhi. Lakini usukani haukuwa mikononi mwa tajiri.

Basi, nilikuwa nasema habari za Kansas. Laleni Abilene. Ni mji mdogo, uko palepale njiani, na ndiko alikokulia Eisenhower na ndiko alikozikwa. Mwaka 1919, akiwa bado afisa kijana, alisafiri na msafara wa magari ya jeshi kutoka Washington hadi San Francisco. Ulichukua siku 62. Malori yalizama kwenye tope, madaraja ya mbao yalivunjika chini ya uzito. Alipokuwa rais, mwaka 1956, alisaini sheria iliyoleta hizi barabara kuu mnazotaka kuzimaliza bila kulala. Yeye alikuwa na siku 62, ninyi mna kumi na mbili, na zinatosha. Hata sheria yao wenyewe haimruhusu dereva wa lori kuendesha zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10 mfululizo. Hao ni watu wa kazi. Ninyi ni wanafunzi watatu na mfuko wa karanga.

Na giza likianza kuingia, kulungu wa huko huvuka barabara. Mikumi unaijua. Nyati wetu angalau unamwona ni mlima, kulungu huruka tu mbele ya taa.

Utah jazeni mafuta Green River, na maji ya kunywa pia. Kutoka hapo mpaka Salina ni zaidi ya kilomita 160 bila kituo kimoja cha mafuta. Polisi wakiwasimamisha, usishuke kumfuata kama tunavyofanya hapa. Kaa, mikono juu ya usukani, subiri akuambie.

Umesema mtakata kona kwenda Bryce Canyon kuona nguzo za mawe zilizochongwa na baridi na mvua. Nendeni, na mkae mpaka mchoke. Iringa nimepita sijui mara ngapi, na Isimila, zilipo nguzo zetu za namna hiyo, ni mwendo mfupi tu kutoka mjini. Sijafika. Ninachokijua Iringa ni mizani na hoteli moja ya wali maharage. Ninyi watoto mlikuwa mnaniuliza nimeona nini safarini, nami nawaambia nimechoka, niacheni nilale. Kwa hiyo simama kwenye hivyo vijiji, kunywa chai yao, zungumza na mtu anayeuza mahindi. Ila usimame mchana, na jua likishuka uwe umeshapaki.

Pesa ya gesti nimekutumia kwa binamu yako, asubuhi hii. Usinirudishie. Ni ya kahawa, kwa hiyo usimwambie mama yako bei niliyouzia.

Bati zimefika, ishirini, tumeezeka sebule na chumba chako. Jikoni bado panavuja. Mama yako goti linamsumbua, anakataa kwenda hospitali mpaka avune maharage. Wewe ndiye anayekusikiliza, mpigie. Shangazi yako ameagiza viatu, namba 39, mimi sijasema kitu. Yule mtamba amezaa jike, mweupe kichwani, mdogo wako anataka apewe jina la mji mtakaolala siku ya kwanza. Kwa hiyo mlale, ndama asikose jina.

Nimepiga hesabu ya saa. Jua likizama Kansas, huku kwetu ni kama saa kumi na moja alfajiri. Likizama California, huku ni saa kumi na mbili na nusu. Muda wote huo mimi niko zizini nakamua. Simu itakuwa kwenye mfuko wa shati, sauti nimeipandisha mpaka mwisho. Andika neno moja tu: tumepaki.

Baba yako