Barua kwa mwanangu anayekwenda Tanga

Mwanangu,

Chini kabisa ya tranka, chini ya shuka, nimeweka karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Usiifungue njiani, imeshaanza kukatika kwenye mikunjo.

Shule ya Tanga uliyopangiwa ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1892, ya kwanza ya serikali katika koloni lao. Usidhani kabla ya hapo wazee wetu wa pwani hawakujua kalamu. Walisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili wakikiandika kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za duka, mashairi. Mjerumani alitaka makarani na maakida, yaani wasimamizi wake wa vijijini, ambao barua zao angezisoma mwenyewe, basi vijana wakafundishwa a, e, i, o, u. Dini haikuwa sharti, ndiyo maana hata waliokwepa shule za misheni walipeleka watoto. Baadaye pale pale shuleni likapigwa chapa gazeti la Kiongozi, na waliokwisha kumaliza wakawa wanaliletea habari kutoka maboma ya bara.

Bibi yangu wa Pangani hakuipata shule hiyo. Siku moja alikuja karani wa kuandikisha watu, akamuuliza, "Mama, unajua kusoma na kuandika?" Akajibu ndiyo, akaomba kalamu, akaanzia kulia. Karani akamtazama kidogo, akaandika: hajui. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

Haya, ya bwenini. Mchakamchaka usiukimbie, na prepu usilale. Maharage utayazoea, sisi kwenye shule yetu tulificha ndimu na pilipili ndani ya soksi. Wewe mtoto wa Singida, wenzako wa Tanga watakucheka ukisema "naendaga". Cheka nao. Ukipata ruhusa ya kwenda ufukweni Raskazoni, maji yaishie magotini mpaka upate wa kukufundisha kuogelea. Hapo sitanii.

Karatasi hiyo ni ya bibi. Mimi nimesoma hizi herufi zenu, siwezi kuisoma. Tanga wazee wanaoijua hati ile hawakosekani. Ukitoka kuswali Ijumaa, ulizia kwa adabu, shikamoo kwanza. Mzee akisoma, wewe andika kwenye daftari, kisha unitumie.

Nadhani ni shairi. Lakini bibi alikuwa na duka, inaweza kuwa deni la mchele la mtu. Hata hilo nalitaka.

Mama yako