Mtoto apimwe kwanza, kiti cha gari kinunuliwe baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu juu ya viti vya watoto vya gari. Nafurahi kuona vikizidi kupatikana madukani na katika masoko ya mitumba ya Kampala, lakini wengi wetu tunavinunua kama sweta ya shule, kikubwa kidogo ili mtoto akulie humo. Mazoea hayo ni ya hatari, kwa kuwa kiti humlinda mtoto wa uzito na urefu alio nao leo, na mkanda unaolegea begani hauwezi kumzuia asichomoke gari linapogonga.

Umri peke yake hautoshi kuchagulia kiti. Lebo za viti vya kanuni ya zamani ya Umoja wa Mataifa, namba 44, hutaja kilo. Za kanuni mpya, namba 129, hutanguliza sentimita. Kwa hiyo mzazi aende dukani akijua uzito wa mwanawe, ambao mara nyingi umeandikwa katika kadi ya kliniki, na urefu wake, ambao hupimwa nyumbani ukutani.

Linaloniumiza zaidi ni haraka ya kumgeuza mtoto aangalie mbele. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Akiwa ameelekea nyuma, kiti hupokea kishindo na kukitawanya mgongoni kote. Akiwa ameelekea mbele, kiwiliwili huzuiwa na mikanda huku kichwa kikirushwa mbele, na shingo ndiyo inayobeba mzigo wote. Kanuni ya 129 hairuhusu mtoto kugeuzwa kabla ya miezi 15, na Sweden wazazi hushauriwa wangoje hadi karibu miaka minne. Wengi humgeuza kwa sababu miguu imeanza kugusa kiti cha gari lenyewe, ilhali mtoto huikunja bila taabu. Kiti huwa kimekuwa kidogo kwake pale uzito au urefu wake unapopita kiwango cha lebo, au kichwa kinapofikia ukingo wa juu. Kiti kinachoelekea nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi.

Mkubwa naye asiharakishwe. Kabla ya kufikia walau sentimita 135, na afadhali 150, bado anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari upite katikati ya bega na juu ya mifupa ya nyonga, usimkate shingoni wala tumboni. Kumpakata si kinga: kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 10 huweza kurushwa kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 200, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kuishika.

Kwa wauzaji wa mitumba nina ombi. Msiuze kiti kilichokwisha kuwa katika ajali, kwani ufa wa ndani hauonekani, wala msibandue lebo na tarehe ya kutengenezwa. Tena mturuhusu tukifunge kwanza katika gari letu, mtoto akiwa amekalia, kabla hatujalipa.

Mzazi na msomaji wenu,
Ntinda, Kampala