Yah: Kukataa Kusaini Hati ya Fidia Baada ya Kuumia Kazini

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Pamoja na barua hii ninawarudishia hati ambayo ofisi yenu ya utumishi ilinitaka nisaini nikiwa bado na bendeji mkononi. Sijaisaini na sitaisaini. Inasema kwamba niliumia kwa uzembe wangu, kwamba kampuni inanipa fedha za mkupuo kwa hisani, na kwamba nikishazipokea sitadai kitu kingine chochote, sasa wala baadaye. Katika hayo matatu hakuna hata moja ninaloweza kulikubali.

Nianze na huo uzembe. Mashine ya kukandamiza bati iliyoniponda pingili mbili za kidole cha shahada na moja ya kidole cha kati, mkono wa kulia, haikuwa na kinga. Kinga iliondolewa kwa amri ya msimamizi kwa sababu ilichelewesha kazi: kila bati likiingia, lazima wavu ufungwe kwanza ndipo mashine ishuke. Boliti zake ziliwekwa kwenye kopo juu ya kabati la vifaa, na hakuna mtu wa zamu yetu asiyelijua kopo hilo. Tulisema, tukaambiwa tuwe makini. Nilipokuwa hospitalini wavu ukarudishwa, tena umepakwa rangi mpya ya njano. Kama tatizo lilikuwa mimi, mbona kilichorekebishwa ni mashine?

Sanduku la huduma ya kwanza nalo lilikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo, mtunza stoo, alikuwa ameshaondoka. Nilifungwa mkono kwa fulana ya mwenzangu. Nalitaja hili kwa sababu taarifa yenu ya ajali inadai nilihudumiwa papo hapo.

Hata hivyo, tukiacha kubishana ni nani aliyekosea, fidia ya ajali kazini haitegemei jibu la swali hilo. Ofisa wenu aliniambia madai ya namna hii ni mambo ya siku hizi. Si kweli. Ujerumani iliweka bima ya ajali kazini kwa sheria ya mwaka 1884, na Uingereza ikapitisha sheria yake ya fidia mwaka 1897. Msingi ni ule ule unaofuatwa hadi leo katika nchi nyingi: aliyeumia akiwa kazini analipwa bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Kuhusu mwenendo wa mfanyakazi, Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1964 unataja mambo mazito, kama ulevi wa hiari na utovu mkubwa wa makusudi, kuwa sababu ya kusimamisha malipo. Kuendesha mashine niliyokabidhiwa, kwa namna niliyoelekezwa, hakuwezi kuhesabiwa humo.

Mmeandika pia kwamba nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Ibara ya 9 ya mkataba huo huo hairuhusu haki ya aliyeumia ifungwe na muda aliokaa kazini. Aliyeajiriwa asubuhi akaumia mchana ana haki sawa na mfanyakazi wa miaka mingi.

Kinachonitia uchungu zaidi ni hizo fedha za mkupuo. Mkono wa kulia ndio ninaofanyia kazi. Leo siwezi kufunga kifungo cha shati bila kusaidiwa, na daktari ameniambia huenda nikahitaji upasuaji mwingine, na kwamba kiwango cha ulemavu hakiwezi kupimwa kabla jeraha halijatulia. Sasa kiasi mlichoandika mmekipataje, na nani alipima? Tangu Mkataba Na. 17 wa mwaka 1925, ulemavu wa kudumu ulitakiwa ulipwe kwa vipindi, na mkupuo uruhusiwe pale tu mamlaka husika inaporidhika kwamba fedha zitatumika ipasavyo. Mamlaka, si ofisi ya mwajiri. Mkataba Na. 121 nao unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya kipato cha awali kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda, na unajumuisha matibabu ya mabingwa, dawa na viungo bandia. Najua kiasi changu kitaamuliwa na sheria ya fidia ya nchi. Mikataba hii naitaja muone hati yenu iko mbali kiasi gani na kile ambacho dunia ilikwisha kukubaliana.

Halafu kuna makato. Mshahara wangu wa mwisho umekatwa gharama za dawa, na kabla ya hapo tulikuwa tukikatwa bei ya glavu. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981, ibara ya 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na tangu Juni 2022 mazingira salama na yenye afya kazini yamo miongoni mwa haki za msingi za kazi ambazo kila nchi mwanachama wa shirika hilo inawajibika kuziheshimu.

Ninataka ajali yangu iripotiwe kwa mamlaka ya fidia kama ilivyotokea, pamoja na suala la kinga na lile la kufuli. Nirudishiwe nilichokatwa. Gharama za matibabu zisiniangukie, na nilipwe kwa kipindi chote ambacho daktari ameniandikia kupumzika. Kiwango cha ulemavu kipimwe na madaktari wanaotambuliwa kisheria, wakati ukifika. Na wenzangu walioandika maelezo kuhusu mashine ile wasihamishwe zamu wala kutishwa kwa ajili yangu. Wawili wameshaitwa ofisini, na wameniambia walichoulizwa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo nitalipeleka shauri mbele mimi mwenyewe, nikiwa na picha, vyeti vya hospitali na hati hii isiyo na sahihi yangu.

Wenu,
Mfanyakazi wa idara ya bati, zamu ya usiku

Nakala: Chama cha wafanyakazi, tawi la kiwandani
Ofisi ya ukaguzi wa kazi