Ubao wa bao ndani ya begi la Kilimanjaro

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wanaojiandaa kupanda Mlima Kilimanjaro pamoja na marafiki wafunge mizigo yao mapema, tena mbele ya mzani, kwa kuwa sisi watano tulifunga yetu usiku wa kuamkia safari ya Moshi, nusura tuachwe na basi.

Mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20, na ndani ya hizo mna vitu vyake mwenyewe, ndiyo maana mteja huambiwa begi lake lisizidi kilo 15. Begi la mwenzetu mmoja lilikuwa na kilo 23. Tulipolifungua tulikuta pasi ya umeme, kopo la ubuyu na, chini kabisa, ubao wa bao wa mninga uliozungushiwa kanga, pamoja na komwe zake zote 64, ambao mwenyewe alidai ungetuliza akili tukifika Horombo, kituo cha kulala mlimani. Soksi za sufu alikuwa nazo jozi moja.

Mzani ulikuwa wa bafuni, hivyo dada mmoja alilazimika kuupanda akiwa amekumbatia begi ili tutoe uzito wake, naye akagombana nasi kuhusu uzito huo (mimi niliuamini mzani). Saa nane usiku tulikuwa bado tunatafuta tochi ya kichwani, ambayo aliyekuwa akiitafuta kwa bidii zaidi alikuwa ameivaa.

Ubao ulibaki Dar es Salaam. Komwe nilizikuta Mandara, kituo cha kulala kilicho kabla ya Horombo, ndani ya soksi zangu.

Msomaji wako,
Dar es Salaam