Rashidi, mpigie simu Zuhura

Ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mama naye anaendelea vizuri na kila nikizungumza naye lazima akuulizie. Hofu na mashaka ni kwako tu, maana umekuwa kimya mno. Habari nyingine zitasubiri, kwa sababu lililonishikisha kalamu leo ni moja: Zuhura alinipigia simu juzi, na sauti yake haikuwa nzuri.

Anasema hamsemeshani. Anasema yalianzia kwenye hukumu ya Google. Wewe ulifurahi kwamba haijalazimishwa kuuza kivinjari chake cha Chrome, yeye akasema jaji ameufyata mbele ya wakubwa, ukamjibu kwamba mtu aliyejifungia ndani ya boma la Apple hana haki ya kumsemea mwenziwe habari za uhuru. Kutoka hapo kila mtu akafukua la kwake, mpaka yakatajwa mambo ya msiba wa mzee, ambayo hayana uhusiano wowote na kivinjari wala simu. Kombo kaingilia, naye kapata la kwake. Nimeumia, Rashidi. Nyinyi wawili mmefahamiana kabla hata hizo simu hazijakuwapo mifukoni mwetu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza kabla sijafika kwenye zile dola bilioni 20, na hizo ndizo hasa ninazotaka uzisikie mpaka mwisho.

Kesi yenyewe unaijua. Wizara ya Sheria ya Marekani iliifungua Oktoba 2020. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta akaamua kwamba Google imelinda ukiritimba wake wa utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 akatoa masharti: Chrome inabaki kwa mwenyewe, mikataba ya kuwafunga washirika wasiweke mtambo mwingine wa kutafuta ni marufuku ingawa kuwalipa kunaruhusiwa kuendelea, na baadhi ya data wapewe washindani. Wewe ukaona Google imepona. Zuhura akaona imeponyoka. Mkaanza kurushiana maneno. Lakini siku iliyofuata, ulitazama soko la hisa? Hisa za Google zilipanda, hilo kila mtu alilitarajia. Na za Apple nazo zikapanda. Lazima ujiulize: kama hawa ni mahasimu kweli, imekuwaje mmoja akinusurika, mwenzake naye apate faida?

Jibu lilisemwa humo humo mahakamani. Mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20, ili mtu akifungua Safari, kivinjari cha Apple, katika simu yake na kuandika anachokitafuta, swali lake liende Google. Shahidi mmoja aliropoka kwamba Apple inapata asilimia 36 ya mapato ya matangazo yanayotokana na utafutaji huo. Maana yake nini? Zuhura, akiwa na simu yake ya Apple mkononi, kila anapotafuta bei au ratiba anaingiza fedha Google, na zaidi ya theluthi moja ya fedha hiyo inarudi Apple. Na wewe unayeitetea Google unaitetea kampuni ambayo ni miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa Apple. Mmekuwa kama mashabiki wawili waliotoana ngeu nje ya uwanja, huku wenye timu wako ndani wanagawana kiingilio.

Ninalolisisitiza si kwamba ugomvi wao ni wa uongo. Upo, na ni mkali. Ila una mipaka ambayo wao wanaijua na sisi hatuijui. Kumbuka Apple na Samsung. Walianza kushtakiana 2011, Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama likaiamuru Samsung ilipe zaidi ya dola bilioni moja kwa kuiga iPhone, na kesi haikufungwa mpaka walipopatana 2018. Katika miaka hiyo hiyo chipu za iPhone zilikuwa zinatengenezwa kwenye viwanda vya Samsung, na iPhone X ilipotoka 2017 kioo chake kilikuwa cha Samsung. Mawakili wanatukanana asubuhi, mchana watu wa manunuzi wanatiliana saini. Na nyuma zaidi, Agosti 1997, Steve Jobs alisimama Boston mbele ya wapenzi wa Apple na kutangaza kwamba Microsoft inaweka dola milioni 150 katika kampuni yao. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft wakati huo, ulipotokea kwenye skrini kubwa, ukumbi ukazomea. Jobs akawaambia waachane na wazo kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe. Waliozomea walikuwa watu wenye mapenzi ya kweli, sina shaka. Lakini Apple ilikuwa karibu kufilisika, na aliyeijua hali hiyo alikuwa yule aliyekuwa jukwaani.

Naogopa utasema sasa namtetea Zuhura. La. Kuna jambo ulilomwambia ambalo ni kweli tupu, na nilimwambia hata yeye: ushindani ndio uliotuletea vitu vizuri. Tazama Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft. Microsoft ilipokuwa inapambana na kivinjari cha Netscape, matoleo yalikuwa yanafuatana kila mwaka. Netscape ikaishiwa nguvu, ikauzwa kwa AOL, kampuni nyingine ya intaneti. Microsoft ikatoa toleo la 6 mwaka 2001, halafu kimya. La 7 halikutoka mpaka Oktoba 2006, na hata hilo lilitoka kwa sababu kivinjari kingine, Firefox, kilikuwa kimeshaingia tangu 2004 na watu walikuwa wanahama. Miaka mitano mabilionea wale walikaa bila kuona haja ya kutuboreshea chochote! Ndiyo maana zile dola bilioni 20 zinaniudhi kuliko neno lolote alilokwambia Zuhura. Kampuni ambayo ingeweza kuitikisa Google kweli kweli, yenye fedha na wahandisi wa kujenga mtambo wake wenyewe wa kutafuta, inalipwa vizuri mno hata haina haja ya kujaribu. Firefox nayo, kipenzi chetu sote, sehemu kubwa ya mapato yake inatoka Google. Huo ushindani unaousifu, Rashidi, ndio unaonunuliwa.

Halafu, pale wanapogombana bila kizuizi, tazama anayeumia. Septemba 2012 Apple iliiondoa ramani ya Google kwenye iPhone na kuweka ya kwake, ikiwa bado mbichi: miji ikawekwa mahali pasipo pake, madaraja yakaonekana yameyeyuka. Tim Cook mwenyewe, mkuu wa Apple wakati huo, akaomba radhi kwa maandishi na kuwashauri watu watumie ramani za washindani wake mpaka ya kwao itengemae. Baadaye Amazon wakaacha kuuza Chromecast, kifaa cha Google cha kuonesha video kwenye televisheni, Google wakaiondoa YouTube kwenye Fire TV, kifaa cha namna hiyo cha Amazon, na mtu aliyenunua kifaa kwa fedha yake halali akakaa bila programu ya YouTube mpaka iliporudishwa Julai 2019. Hakuna aliyemuuliza. 

Nirudi kwenye lililonifanya nishindwe kulala, maana Zuhura alilitaja mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo. Ati unahamisha kila kitu. Picha za watoto za tangu ile simu ya zamani, barua pepe, nyaraka za kazi, vyote unavitoa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, unavipeleka Google, na kwamba ukimaliza utaifuta akaunti ya zamani ili umwoneshe kwamba huna kitu tena upande wake. Rashidi, hamisha ukitaka. Ni vitu vyako. Lakini usivihamishe kwa hasira, na usifute chochote kwanza.

Nakwambia kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa naweka madondoo yangu yote kwenye programu ya kampuni moja ndogo, nzuri mno. Ikanunuliwa na kubwa iliyokuwa inashindana nayo, kisha likaja tangazo: huduma inafungwa, kila mtu apakue vilivyo vyake. Nikapakua. Faili nilizopata majina yake yalikuwa namba tupu. Tarehe zote zilikuwa za siku ile ile niliyopakua. Picha zilikuwa kwenye folda ya peke yake, bila alama yoyote ya kuonesha ipi ni ya dondoo lipi. Yale mazungumzo yangu na marehemu babu yake Bakari, yale uliyowahi kuyasoma ukaniambia niyatunze, maneno yake ninayo. Zile picha alizokuwa akinielezea moja baada ya nyingine, huyu ni nani na huyu ni mtoto wa nani, zimechanganyika na nyingine na sijui tena ipi ni ya nani. Hakuna wa kuulizwa sasa. Kampuni iliyonunua haikuvunja sheria yoyote. Ilikuwa inamwondoa mshindani tu.

Tangu hapo, kila habari ya makampuni haya naisoma kwa swali moja: baada ya hili, itakuwa rahisi zaidi kwangu kutoka na vyangu, au vigumu zaidi? Nani kamshinda nani hainisumbui tena. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria ya chaja moja, na iPhone 15 ikatoka 2023 ikiwa na tundu la USB-C, nilifurahi. Apple ilipoingiza mwaka 2024 RCS, mfumo mpya wa kutumiana ujumbe, ili ujumbe kati ya iPhone na Android usifike umechakaa, nilifurahi. Na hukumu hii ya Septemba? Nimefurahi nusu. Kuwapa washindani data ni kufungua mlango. Kuruhusu malipo yaendelee, nadhani jaji amekosea. Alihofia kwamba yakikatwa ghafla, wanaoyategemea wataumia vibaya, na Mozilla, wenye Firefox, wangeumia kweli. Lakini mtu akishalipwa ili asishindane, dawa ni kuyasimamisha malipo, hata kama ni kwa awamu. Hapo nipo na Zuhura, nakuambia waziwazi. Kwenye suala la kuuza Chrome nipo karibu nawe zaidi, maana sikuona nani angeinunua akaitunza bila naye kutaka kutufungia humo.

Kwa hiyo kama unahama, fanya hivi kwa ajili yangu. Apple wana njia ya kuhamisha picha kutoka iCloud moja kwa moja kwenda Google Photos, ipo tangu 2021. Inanakili, haifuti, kwa hiyo za zamani zitabaki. Lakini albamu mlizokuwa mnashirikiana hazihami, na wewe nakujua, picha zote za harusi ya Mwanaisha ziko kwenye albamu ya kushirikiana na Zuhura. Hizo zipakue kwa mkono. Kisha nakala moja ya kila kitu iweke kwenye diski yako mwenyewe, iliyo kabatini kwako, ambayo hakuna kampuni inayoweza kuifunga. Ukifika Google nako, pitia Takeout, huduma yao ya kupakulia vilivyo vyako, mara kwa mara, uvute nakala. Utaona tarehe na maelezo ya picha yanakuja katika faili ndogo ndogo za pembeni zenye mwisho wa json. Usizitupe ukidhani ni takataka. Ukizipoteza, unaweza kubaki na sura za watoto usijue zilipigwa lini wala wapi.

Sasa nijibu. Umeshaanza kuhamisha, au bado? Ile akaunti ya zamani bado ipo? Albamu ya harusi umeipakua? Diski unayo, au nikutumie yangu ya akiba? Na Zuhura, ni kweli ulimtajia habari za msiba, au amesikia vibaya kwa hasira? Kama ulimtajia, utamwomba radhi lini? Yeye yuko tayari kuzungumza, alisema hivyo bila mimi kumuuliza. Kombo naye kanuna au ndiyo kawaida yake? Na wewe mwenyewe, mbali na haya, kazini kukoje? Lile suala la mkataba wako liliishia wapi?

Mpigie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi anasafiri, na akishaondoka itakuwa vigumu kumpata. Albamu ile mnashirikiana nyote wawili, kwa hiyo ni vizuri mzungumze kabla hujaigusa.

Ndugu yako,
Idi