YAH: MALALAMIKO YA KUUZIWA BERLIN NA KUSHUSHWA WARNEMÜNDE

Kwa Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Julai mimi na mama yangu tulisafiri kwa meli ya kitalii Bahari ya Baltiki, kwa tiketi tulizokata ofisini kwenu hapa Dar es Salaam. Ratiba yenu iliandika "Bandari: Berlin", na picha ya Lango la Brandenburg juu yake. Berlin haina bahari. Meli ilifunga gati Warnemünde, mji wa ufukweni ulio sehemu ya jiji la Rostock, pale mto Warnow unapoingia baharini. Kutoka hapo hadi Berlin ni zaidi ya kilomita 200. Ni sawa na kumwandikia mgeni kuwa meli yake itatia nanga Morogoro, kisha mkamshusha Dar.

Basi la Berlin nililipia upya, melini, kwa yuro. Karibu saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Kwa magoti ya mama, asingeweza. Nilishawauliza mapema kuhusu Warnemünde, ofisa wenu akanijibu kwa WhatsApp: "Hiyo bandari tu, hakuna cha kuona." Mama akaamini, akashinda melini.

Hapo ndipo paliponiuma. Kutoka gatini hadi Alter Strom, mfereji wa zamani wa meli, ni dakika chache kwa miguu: boti za wavuvi zimejipanga, zinauza mikate ya samaki yenye vitunguu vibichi. Mbele kuna mnara wa taa, halafu ufukwe mpana wa mchanga mweupe uliojaa viti vya kusukwa, vya watu wawili, vyenye paa la kukinga upepo. Kiti cha namna hiyo, ila cha mtu mmoja, alikisuka Wilhelm Bartelmann huko Rostock mwaka 1882, kwa ajili ya mwanamke aliyesumbuliwa na baridi yabisi. Yaani mtu kama mama yangu kabisa! Niliporudi jioni, wakodishaji wa viti hivyo walishafunga na meli inakaribia kuondoka.

Jibu la pale kaunta kwamba "makampuni yote huandika hivyo" silipokei. Hata kama ni kweli, fedha yangu niliwapa ninyi.

Naomba nirejeshewe nauli ya basi, na ratiba iandikwe Warnemünde, pamoja na saa na bei ya kwenda Berlin. Naomba pia mama aombwe radhi kwa maandishi. Nasubiri majibu ndani ya siku 14, la sivyo nitalipeleka suala hili mbele.

Nimeambatanisha nakala za ratiba, risiti ya basi na ujumbe wa ofisa wenu.

Wenu,
Mteja