Land Rover la Konde: Jumapili tunalitoa shambani

Assalamu alaykum jamaa zangu,

Mwenye shamba kakubali. Jumapili hii tunalitoa lile Land Rover chini ya mikarafuu kule Konde. Tukutane Wete sokoni saa 1:00 asubuhi. Gari la kulivuta limeshapatikana.

Bodi ni ya alumini, imedumu. Hofu yangu ni chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ile ni chuma: fundi kaigonga nyundo upande wa nyuma ikamwaga unga mwekundu. Halafu kuna kuku kataga kwenye siti ya dereva, mayai sita, basi tumhamishe kwa adabu.

1. Mchango shilingi 15,000 kila mtu, mwisho Ijumaa usiku, kwa mshika fedha.
2. Mlioko Konde, fyekeni njia Jumamosi. Majembe pia, magurudumu yamezama.
3. Asijaribu mtu kuliwasha! Fundi katia oili kwenye matundu ya plagi ili pistoni zilainike, na petroli ya zamani bado imo kwenye tangi.

Anayekuja aandike "nipo" hapa kabla ya Alkhamisi magharibi, nijue tunapikia wangapi. Chai na mkate wa kumimina juu yangu.